Kiatu Kinapobana

Huenda baadhi ya wasomaji wakajiuliza kiatu kimefuata nini katika kurasa hizi, ambazo aghalabu huzungumzia ngeli, ushairi na methali. Jawabu letu ni fupi. Mwalimu hufundisha akiwa amesimama, na mtu asimamaye vipindi sita kwa siku juu ya sakafu ya saruji, viatu vikimbana, hafundishi vema. Tumewaona wenzetu wakiyakatisha maelezo ya kauli ya kutendwa ili wakae, wala si kwa uchovu wa akili. Tumewaona pia wanafunzi wakishindwa kujibu swali jepesi kwa kuwa mawazo yao yote yamo katika kidole kidogo cha mguu. Basi jambo hili ni letu, na twataka kulieleza kama tulijuavyo hapa Kampala.

Viatu vingi tuvaavyo vimekwisha kuvaliwa na wengine kabla yetu. Hununuliwa katika soko ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, lakini watu wangali wakiliita Owino, kando ya uwanja wa Nakivubo. Bidhaa za namna hiyo Watanzania na Wakenya huziita mitumba. Sisi Uganda twasema mivumba, na maneno haya mawili hukaribiana kwa sauti kiasi cha kuwafurahisha wanafunzi kila tunapoyataja. Anayenunua mivumba hachagui kama achaguavyo mtu aliyeingia dukani, ambako kila namna ya kiatu ina nambari zake zote rafuni. Hapa kipo kiatu kimoja tu cha aina ile: cheusi, ngozi yake imara, soli yake nzima, na bei yake si ya kumkimbiza mwalimu. Kasoro yake ni moja, kwamba chabana. Muuzaji hukishika, akakikunjakunja na kusema, "Kitatanuka, mwalimu. Hii ni ngozi."

Mara nyingine husema kweli. Kazi ya mnunuzi ni kujua lini asema kweli, na lini anauza tu.

Tuitazame kwanza nambari iliyoandikwa ndani ya kiatu, kwa sababu wengi huiamini kuliko miguu yao wenyewe. Kipimo cha Uingereza kilianzia katika punje ya shayiri: punje tatu zilizopangwa kwa urefu zilihesabiwa kuwa inchi moja, na hata leo tofauti kati ya nambari moja na inayoifuata ni theluthi ya inchi. Kipimo kitumikacho katika sehemu kubwa ya bara la Ulaya huenda kwa theluthi mbili za sentimita, yaani karibu milimita 7. Hivyo mtu avaaye 8 ya Uingereza hutafuta 42 katika viatu vya Ulaya bara, na kwa kuwa hatua za vipimo hivi hazilingani, hana budi kukubali milimita chache za ziada au za upungufu. Lakini jambo kubwa zaidi ni hili: nambari zote mbili hupima urefu. Hakuna hata moja iletayo habari za upana. Viatu vichache huandikwa herufi za upana ndani yake, nazo katika mivumba huwa zimekwisha kufutika zamani.

Na upana ndio uliotusibu. Wengi wetu tuliokulia vijijini tulikwenda shule ya msingi miguu mitupu. Mguu uliokua bila kiatu hutanda. Vidole vyake huachana, na sehemu ya mbele huwa pana kuliko ya mguu uliolelewa ndani ya kiatu tangu utotoni. Kiatu kilichoshonwa juu ya kalibu nyembamba, yaani lile gogo la mbao lenye umbo la mguu, hakikukusudiwa mguu kama huo. Sisi wenyewe kwa urefu tu watu wa 42, ilhali upana wetu wadai 44. Tukinunua 44, kisigino huchomoka kila tupandapo ngazi. Tukinunua 42, twabanwa ubavuni. Kwa hiyo hatuoni haya kusema kwamba karibu kila jozi tuliyoinunua katika miaka 20 iliyopita tumeitanua nyumbani.

Hapa mwalimu wa lugha aturuhusu tutue kidogo. Wanafunzi wetu wana neno moja kwa kila taabu ya kiatu: "ni kidogo." Kiswahili kina zaidi ya hilo. Kiatu hubana, kikizidi ukubwa hupwaya, kikiwa sawa, humwenea mtu. Tena "kubana" chenyewe ni kitenzi kizuri cha kufundishia: kiatu chanibana, nimebanwa na kiatu, vidole vimebanana. Lakini twapenda zaidi kuwaonyesha vitenzi viwili ambavyo watu huvichanganya bila kujua, "kutanua" na "kurefusha". Kutanua ni kuongeza upana. Kurefusha ni kuongeza urefu. Muuzaji wa Owino alisema kiatu kitatanuka. Hakusema kitarefuka. Ngozi ya pande za kiatu ni laini, nayo hutii. Mbele, kwenye ncha, na nyuma, penye kisigino, huwekwa ngozi ngumu au kitu kingine kigumu ili kiatu kisipoteze umbo. Na chini ipo soli, ambayo hairefuki hata uikandamize mwaka mzima. Kiatu kinachobana huweza kutengenezwa. Kiatu kifupi ni kifupi tu.

Namna ya kuvitofautisha viwili hivyo si ngumu, na haina gharama. Chukua karatasi ngumu, au kurasa mbili za gazeti zilizogandishwa pamoja. Ngoja jioni, maana mguu wa jioni ni mkubwa kuliko wa asubuhi, hasa kwa mtu aliyeshinda amesimama. Iweke karatasi sakafuni, uikanyage kwa uzito wako wote, kwa sababu mguu ulioinuliwa ni mwembamba kuliko ule ulioubeba mwili. Kisha mwenzako auchore ukingo wake kwa kalamu iliyosimama wima. Fanya hivyo kwa miguu yote miwili, kwani ni nadra kulingana. Likate umbo hilo kwa mkasi, uliingize ndani ya kiatu, ulilaze juu ya soli ya ndani. Likijikunja pembeni, kiatu chabana kwa upana na kazi yawezekana. Likijikunja mbele, au likikataa kufika kisiginoni, kirudishe kwa mwenyewe. Hata likilala sawasawa, ni lazima pabaki nafasi mbele ya kidole kirefu, kama upana wa kidole gumba cha mkono, kwa kuwa mguu husogea mbele mtu atembeapo. Kwa uzoefu wetu, kiatu kilichozidiwa na karatasi kwa nusu sentimita pembeni hutii. Kilichozidiwa kwa sentimita nzima hufumuka mshono kabla hakijatii.

Twaenda na karatasi hiyo sokoni, imekunjwa ndani ya kitabu cha mahudhurio. Wauzaji walitucheka mwanzoni. Siku hizi mmoja wao hutuuliza, "Mwalimu, mguu wako uko wapi?" nasi humpa karatasi.

Sharti la pili ni kuijua ngozi. Ngozi halisi ni nyuzinyuzi zilizosokotana. Zikipata unyevu hulegea, na zikikauka huku zimevutwa hubaki katika umbo jipya. Ngozi ya bandia haina nyuzi za namna hiyo. Huvutika mguu ukiwa ndani, nawe ukivua hurudi ilikokuwa, na siku moja hupasuka penye mkunjo. Kutofautisha, tazama ulimi wa kiatu au ukingo wowote uliokatwa: ngozi halisi huonyesha nyuzi zake, ya bandia huonyesha kitambaa kilichobandikwa utando wa plastiki. Ibonyeze pia kwa kidole gumba. Ya kweli hutoa mikunjo midogo isiyofanana, kama ngozi ya kiganja.

Tukiisha kujua kuwa ni ngozi, na kwamba taabu ni ya upana, kazi yenyewe ni ya subira zaidi kuliko ufundi. Njia tuipendayo sisi ni soksi. Vaa soksi mbili nene, uingie ndani ya kiatu kwa nguvu kiasi, ukae nyumbani ukisahihisha madaftari kwa nusu saa. Kesho tena, na kesho kutwa tena. Mguu wako ndio kalibu, na hakuna kalibu inayolingana nawe kuliko mguu wako. Kama ngozi ni ngumu, tia spiriti ya hospitali na maji, nusu kwa nusu, ndani ya kiatu kwa kitambaa, mahali panapobana tu, kisha uvae na soksi mpaka pakauke. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, maana spiriti huweza kuondoa rangi. Ngozi ing'aayo kama kioo usiipe spiriti kabisa.

Njia ya gazeti hujulikana na wengi: karatasi iliyoloweshwa na kukamuliwa hushindiliwa ndani mpaka kiatu kivimbe, kikawekwa kivulini siku mbili. Neno la kusisitiza ni kivulini. Jua la mchana na moto wa sigiri huikausha ngozi mpaka ikakakamaa kama ganda la mti, na gundi ya soli huachia. Kiatu kikikauka kipakwe dawa ya viatu, kwa sababu maji huondoka na mafuta ya ngozi.

Wenye jokofu wana njia yao. Hujaza maji katika mfuko wa nailoni, wakaufunga vizuri, wakautia ndani ya kiatu na kukigandisha usiku kucha. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, na ongezeko hilo husukuma ngozi. Ni njia yenye akili, lakini sisi hatuipendi: mfuko ukitoboka, kiatu kizima huloa, na barafu haijui mahali unapobanwa na mahali usipobanwa. Jirani yetu mmoja, asiye na jokofu, aliamua kutumia maharagwe. Alijaza makavu, akayatia maji yavimbe, na kwa kweli yalivimba. Kisha akaitwa msibani kijijini. Aliporudi siku ya tano kiatu kilikuwa kimetanuka, tena kilikuwa bustani.

Kwa kiatu cha thamani, au mguu wenye kifundo kilichojitokeza kando ya kidole gumba, heri kwenda kwa fundi. Yupo mmoja karibu na kituo cha teksi, mzee wa makamo yake, ambaye hapokei kiatu mikononi mwa mtu aliyetumwa. "Nipe kiatu na mguu wake," husema. Hukuvalisha, akakupapasa kwa kidole gumba juu ya ngozi mpaka aguse penye taabu, akaweka alama ya chaki. Kalibu yake ni vipande viwili vya mbao, na katikati yake hupigiliwa kabari. Penye alama ya chaki hubandika kipande kidogo cha ngozi juu ya mbao, ili msukumo uwe pale tu. Kisha huipiga kabari kidogo leo, kidogo kesho. Tulimwuliza kwa nini asiipige yote mara moja. Akatuuliza naye kama sisi huwafundisha watoto vitenzi vyote kwa siku moja.

Ipo miguu ambayo hayo yote hayaifai. Mtu aliyeugua kisukari kwa muda mrefu huweza kupoteza hisia za nyayo. Kiatu humchubua naye asitambue, na mchubuko mdogo ukageuka donda la kumpotezea mguu. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa siku nyingi kuliko sisi, aligundua habari hiyo alipoona damu katika soksi jioni, baada ya kutwa nzima ya kuvaa viatu vipya ili vimzoee. Hakusikia maumivu hata kidogo. Mtu wa namna hiyo asikitanue kiatu kwa mguu wake kamwe. Akitie mkono ndani kila asubuhi kabla ya kukivaa, na kikibana hata kidogo akiache.

Miguu mingine ni ya watoto. Mguu wa mtoto ungali unakua, na mifupa yake haijakomaa, kwa hiyo hufuata kiatu mahali ambapo mguu wa mtu mzima ungelalamika. Muhula mmoja tulikuwa na mvulana wa kidato cha pili katika shule ambayo hatutaitaja, yenye kanuni ya viatu vyeusi vya ngozi vilivyofunikwa. Kanuni si mbaya. Miguu iliyofunikwa huepuka miiba, na huepuka pia minyoo ya safura, ambayo hupenya ngozi ya mguu kutoka udongoni. Lakini kijana huyu alikuwa na tabia ya kukanyaga visigino vya viatu vyake na kutembea navyo kama kandambili, na kwa hilo aliadhibiwa mara tatu kwa makosa ya unadhifu. Darasani alikaa bila viatu chini ya dawati. Zamu yake ya kusimama na kusoma ilipofika, aliomba radhi kuwa koo linamwuma.

Ikawa tumefika katika somo la vipimo. Tuliwaambia wanafunzi walete gazeti, kila mmoja achorwe mguu na mwenzake, kisha waandike sentensi tano wakitumia maneno urefu, upana, unyayo, kisigino na kidole. Kelele zilikuwa nyingi kuliko somo. Kisha wakaingiza karatasi viatuni, na karatasi ya kijana yule ikasimama nje ya kiatu kwa upana wa vidole viwili. Aliyekuwa jirani yake alianza kucheka, akanyamaza. Yule kijana aliandika sentensi moja tu: "Mguu wangu ni mrefu kuliko kiatu changu." Sarufi yake haikuwa na kosa.

Baada ya kipindi alituonyesha vidole. Kucha mbili zilikuwa zimekuwa nyeusi, na vidole vilikuwa vimejipinda kama vya mtu anayeshika tawi. Viatu vilikuwa vya kaka yake aliyemaliza masomo. Kwa majuma mawili alikuwa akivishindilia gazeti la maji kila usiku, kama alivyoshauriwa, na asubuhi akivivaa vikiwa na unyevu. Tulimwomba mama yake afike. Alikuja siku ya tatu, akiwa ametoka kuuza ndizi, akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Mwalimu," alisema, "nimeambiwa ngozi hutanuka."

"Imetanuka, mama. Tazama ubavuni hapa. Haikurefuka."

Alikigeuza kile kiatu mikononi kwa muda mrefu. Kisha akatuuliza kama shule ingemwacha mwanawe aje na lugabire, vile viatu vya mpira wa gari ambavyo Wakenya huviita akala na Watanzania katambuga, mpaka atakapopata fedha mwisho wa mwezi. Hatukuwa na mamlaka ya kumjibu. Tuliichukua karatasi, tukachukua na kiatu, tukaviweka vyote viwili juu ya meza ya mkuu wa shule bila hotuba. Alianza kusema juu ya kanuni, na kwamba akimruhusu mmoja kesho watakuja kumi. Tukamjibu kuwa wakija kumi tutawapima wote kumi. Alilaza karatasi juu ya kiatu, akaisukuma kwa kidole ili iingie, ikakunjika. Akaandika kibali cha majuma matatu.

Kijana alikuja na lugabire. Siku ya pili yake alisoma aya nzima akiwa amesimama, na koo halikumwuma.

Wanafunzi wengine wanne walikuja na karatasi zao juma lile. Watatu walibanwa kwa upana tu, nasi tuliwaonyesha soksi na kivuli. Mmoja alikuwa na kiatu kifupi, naye aliandikiwa kibali kama mwenzake. Mwezi ulipokwisha, mama yule alinunua viatu vya turubai vyeusi, vipya, vyenye nafasi ya kidole gumba mbele, na mkuu wa shule hakuuliza ngozi yake iko wapi. Vile vya zamani vilikwenda kwa mdogo wake, ambaye vilimpwaya kwa upana na kwa urefu, kwa kuwa vilikuwa vimetanuliwa kwa bidii. Mama alituuliza sasa afanyeje. Tulimwambia akunje kitambaa kikavu akitie mbele, aweke soli ya pili ndani, na gidamu azifunge kwa nguvu. Na kila mwanzo wa muhula aitoe karatasi, amchore mtoto upya.